Gari la Kulwa na Doto

Juzi nilitoka dukani Annandale na mifuko mikono yote miwili, nikamkuta kijana mmoja kwenye maegesho amepiga magoti ubavuni mwa gari lake, anapiga msasa sehemu aliyoipaka puti. Vumbi jeupe lilikuwa limemkaa kwenye nyusi. Harufu ile ikanifikia kabla sijalifikia gari langu: kali, ina utamu fulani wa kuchefua, inaingia puani na kukaa nyuma ya koo. Nikasimama. Maziwa yanapata joto, kuku wa barafu anaanza kuchuruzika kwenye mfuko, na mimi mtu mzima na akili zangu nimesimama juani nanusa puti ya mtu nisiyemjua. Kijana akaniuliza kama nina shida yoyote. Nikamwambia hapana, nikaingia kwenye gari langu, nikakaa muda mrefu bila kuliwasha.

Wenzangu mliokulia kwenye nyumba za kupanga za Hyattsville, huku Marekani, mnajua gereji zetu zilikuwa za nini. Si za magari. Zilikuwa za magunia ya mchele, masufuria ya shughuli, viti vya plastiki vya kuazimana, na masanduku ya mtu aliyehamia jimbo jingine akasema atayafuata wiki ijayo. Ya kwetu ilikuwa nyuma ya nyumba, ng'ambo ya kijiua, na ilikuwa hivyo hivyo mpaka Baba alipoleta gari.

Baba yangu anaitwa Doto. Kwa asiyejua, kwetu Usukumani pacha anayetangulia kutoka ni Kulwa, anayefuata ni Doto. Jina hilo huchaguliwi, unazaliwa nalo. Kulwa alikuwa Mwanza. Doto alikuwa Hyattsville, anapakia mizigo kwenye ghala na kurudi nyumbani na basi. Hawakuwa wameonana tangu kabla mimi sijazaliwa. Karatasi za Baba za ukaazi zilikuwa bado zinazunguka huko zinakozunguka karatasi, na wakili alishamwambia wazi kwamba akitoka nje ya nchi kabla hazijakamilika, asahau kurudi. Hakwenda kumzika babu. Hakwenda Bibi alipoanza kuugua na kuwa mtu wa kitandani, ambaye kila simu ya alfajiri tulidhani inaleta habari ya kifo chake. Mimi kwa akili zangu za kitoto nilijua tu kwamba Baba ana pacha, na kwamba huyo pacha anaishi ndani ya simu.

Gari lilitoka Rockville, kwa mama mmoja wa Kizungu ambaye Baba alikuwa akimkatia majani siku zake za mapumziko. Mumewe alifariki akaliacha kwenye banda chini ya turubai, na mama wa watu alitaka banda lake. Baba anasema alipofunua lile turubai alilitambua papo hapo. Lilikuwa gari la mbio la Kijapani, la zamani, milango miwili, boneti ndefu, viti viwili tu basi. Mwanza, walipokuwa watoto, alikuwepo tajiri mmoja wa pamba mwenye gari la aina hiyo hiyo, na Kulwa na Doto walikuwa wakimwoshea kila Jumamosi bila ujira wowote, ili mradi waruhusiwe kukaa ndani wakati linakauka. Wanakaa, wananguruma kwa midomo, wanapita miji yote waliyowahi kuisikia redioni. Baba akipiga hadithi hiyo sauti yake ilikuwa inabadilika, anakuwa mtoto kabisa, mpaka Mama anamwambia amalize chakula kwanza.

Siku lilipoletwa, juu ya gari la kuvuta, Mama alitoka jikoni na mwiko wake mkononi akalizunguka lote. Lilikuwa limeoza, tusidanganyane. Kutu ilikuwa imekula sakafu mpaka unaona majani chini, panya walishajenga kwenye kiti cha abiria, na rangi nyekundu ilikuwa imechujuka ikabaki kama ya tofali. Mama akainama, akachungulia ndani, akainuka.

"Doto, hili ni gari au ni chujio?"

Baba akacheka mpaka akajishika kiuno. Mama hakucheka. Akauliza, viti viwili na sisi tuko watatu, nani anabaki nyumbani? Baba akamjibu kwamba hilo si gari la familia, ni la yeye na Kulwa. Kulwa akija watalipanda pamoja. Wakati huo Kulwa alikuwa ameshanyimwa viza na hakuna aliyejua kama atakuja kupewa, kwa hiyo Mama alimtazama tu mumewe, akarudi kwenye sufuria yake. Mimi ndiye niliyenuna. Nilinuna siku nzima. Nilimwona huyo mtu wa kwenye simu hajafika bado na ameshachukua kiti changu.

Baba Mkubwa Kulwa mwenyewe ndiye aliyenituliza. Alikuwa anapiga kila Jumapili baada ya kanisa, uso wake ule ule wa Baba umejaa kwenye kioo cha simu, ila yeye alikuwa na mwanya na sauti ya juu zaidi. Ananisemesha Kiswahili, namjibu Kiingereza, kama tulivyokuwa wote siku zile, na yeye anajifanya ameelewa kila kitu, anatikisa kichwa kwa heshima zote. Nikamweleza habari ya viti viwili. Sijui alielewa nini, lakini alisema nitakaa mapajani pake na honi nitapiga mimi. Basi, hapo tukawa marafiki. Kuanzia siku hiyo nilikuwa namngoja kuliko hata Baba alivyokuwa anamngoja, au ndivyo nilivyojidanganya.

Kisha viza ikatoka. Sikumbuki mengine ya siku hiyo ila Baba amesimama katikati ya sebule na viatu vya kazini, anaongea Kisukuma kwenye simu kwa kelele, na machozi yanamtoka huku anacheka. Tikiti ikakatwa. Na gari, ambalo mpaka hapo lilikuwa mchezo wa Baba wa jioni, likawa jambo la kufa na kupona. Baba alikula kiapo kwamba atampokea nalo ndugu yake uwanja wa ndege. Hatampokea na basi, wala gari la kuazima. Atasimama pale nje, Kulwa atoke na mabegi yake, alikute lile gari jekundu linamngoja na injini inanguruma. Alikuwa hasemi kitu kingine. Mama alikuwa anatania kwamba hata akiota anaota spana.

Sasa kazi ikaanza kweli. Jirani yetu, Papa Mbuyi, Mkongo wa Lubumbashi aliyewahi kutengeneza malori ya migodini, alikuja kuangalia kwa dakika mbili tu akabaki kiangazi chote. Yeye ni injini, Baba ni bodi. Baba alikata sehemu zote zilizooza, akachomelea bati jipya, akapaka puti, akapiga msasa, akapaka tena, akapiga tena. Akimaliza ubavu mmoja anafumba macho na kuupapasa kwa kiganja, taratibu, kutoka taa ya mbele mpaka ya nyuma, anatafuta kinundu ambacho jicho halikioni. Akikipata anasonya, anaanza upya. Papa Mbuyi alikuwa anamwambia kwamba hata mke hapapaswi hivyo, halafu ananiona mimi nimekaa pale na kujifanya anakohoa.

Kazi yangu ilikuwa kuosha nati. Nilipewa kopo la siagi lenye mafuta ya taa na mswaki wa zamani, na kila nati ikitakata naiweka kwenye trei ya mayai. Mikono ilikuwa inanuka mpaka kanisani. Gereji ilikuwa na joto la kuua, feni inapeperusha vumbi la puti badala ya kuliondoa, redio inapiga rumba ya Papa Mbuyi, na mlango ukiwa wazi unasikia treni inapita kwa mbali. Baba alikuwa ananiambia majina ya vitu: hii kabureta, hii plagi, hii inapitisha mafuta, hii inapitisha moto. Nilikuwa najibu kwa Kiingereza kwamba nimeelewa. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile, na nasema hivyo nikiwa nimeshaolewa na kuzaa.

Kiangazi hicho hicho nilialikwa kwenye bethidei ya msichana wa darasani kwetu, ya kwanza ya Kimarekani maishani mwangu, na ni lazima niieleze. Watu wote tuliambiwa tufike mapema. Magari yaliegeshwa mtaa wa pili ili mwenye bethidei asiyaone. Meza zilisogezwa, watu wazima wananong'ona na kuwekeana vidole midomoni, mama yake ameificha simu ya binti, na yeye ameshughulishwa huko nyuma na shangazi yake. Halafu akaletwa amefumba macho, ameshikwa mkono, mpaka katikati ya sebule, akaambiwa afumbue, na sote tukapiga kelele mara moja. Alilia kwa furaha. Niliporudi nyumbani nilimweleza Mama, naye akasema Wazungu wana mambo, mtu unaweza kufa kwa moyo. Mimi nilikuwa nimependa kupita kiasi.

Wiki mbili hivi kabla ya siku ya Baba Mkubwa kufika, Jumamosi, Baba na Papa Mbuyi walikuwa wawashe injini kwa mara ya kwanza. Baba aliamka anapiga mluzi. Alikunywa chai amesimama, akaenda gereji. Muda si mrefu simu ya Mama ililia, akaenda kuipokea chumbani na kufunga mlango. Alipotoka alikuwa na macho mekundu, akaniambia ni vitunguu, na kweli jikoni kulikuwa na vitunguu, kwa hiyo sikuuliza. Akaenda gereji, akarudi na simu ya Baba. Nilimsikia akimwambia yake haina chaji. Yake ilikuwa mkononi mwake, inawaka.

Halafu watu wakaanza kuja. Wa kwanza alikuwa Mama Tesha, Mchaga mmoja mwenye sauti ya amri, ambaye kwenye jumuiya yetu harusi haifungwi na mtoto habatizwi yeye hajashika mwiko. Hakuegesha mbele ya nyumba kama kawaida yake. Alikuja kwa miguu kutoka mtaa wa pili, sufuria kichwani. Wakafuata wengine, wawili wawili, hakuna anayepiga kengele, hakuna anayeongea kwa sauti. Wanaume wakaanza kutoa makochi, wakayapitisha mlango wa mbele wakayapanga barazani. Wanawake wakakunja kapeti, wakatandika mikeka. Nikawaza, wanatoa makochi ili watu wapate nafasi ya kucheza. Nikamfuata Mama Tesha nikamuuliza kwa Kiingereza kama Baba anajua. Akashtuka. Akanishika mabega, akaniinamia.

"Baba yako asijue kwanza, mwanangu. Nenda ukae naye huko nyuma, asiingie ndani mpaka tuwaite. Unaweza kunifanyia hivyo?"

Naweza! Nani angeweza kunizidi? Nilikuwa nimeshaelewa kila kitu. Baba Mkubwa Kulwa amekuja mapema. Wametudanganya tarehe, yuko ndani, wamemficha chumbani kwa Mama, ndiyo maana mlango umefungwa. Ndiyo maana simu imechukuliwa, asije akampigia ikalia humo ndani. Kila kitu kilikaa mahali pake. Sikujua, na ningejuaje, kwamba kwetu mtu hapewi habari ya msiba kwenye simu wala peke yake. Kwamba watu hukusanyika kwanza kimya kimya, wanatoa viti nje, wanapika, wanamngoja mchungaji, ndipo mwenye msiba anaitwa aje akae katikati ya watu wake aambiwe. Mchungaji alikuwa anatoka Rockville na foleni ilikuwa imemkamata njiani. Alfajiri hiyo, saa za kwao, Kulwa alikuwa ameanguka bafuni kwa presha, na hakuamka tena.

Nilikimbia mpaka gereji. Papa Mbuyi alikuwa ameshaitwa nje na kurudi, na alikuwa ameshaambiwa, maana amesimama na spana mkononi anaitazama tu. Baba alikuwa kichwa ndani ya boneti anaongea peke yake. Nikakaa kwenye ndoo yangu, nikaanza kucheka chini chini. Baba akaniuliza nacheka nini, nikasema hakuna kitu, nikacheka zaidi. Akasema leo huyu mtoto ameokota nini. Akamwambia Papa Mbuyi aingie ajaribu ufunguo.

Papa Mbuyi akasema waache tu kwanza, wapumzike, jua kali. Baba akamshangaa. Akamuuliza kama anaumwa. Papa Mbuyi akafuta jasho, akaingia kwenye gari, akageuza ufunguo. Injini ikakohoa, ikanyamaza. Akageuza tena. Baba akarekebisha kitu kwenye kabureta, na ya tatu ile ikashika. Jamani. Ilinguruma mpaka mabati ya gereji yakatetemeka, moshi wa buluu ukajaa, Baba akaruka juu na kunibeba na kunizungusha, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sijaiona tena kwenye uso wa mtu yeyote. Papa Mbuyi alikuwa ameinamia usukani. Nilidhani anasikiliza injini.

Wale waliokuwa ndani ya nyumba waliisikia pia. Mama ameniambia baadaye kwamba hapo ndipo yeye alipoanza kulia kwa sauti, wakamfunika kichwa na khanga ili asisikike.

Baba akaniweka chini, akasema kwa kelele juu ya mngurumo: kimbia ulete simu yangu, nimpigie Kulwa asikie. Nikakimbia. Mlangoni pa jikoni alikuwepo Mama Tesha, hakunipisha. Akasema simu hapana, rudi, mwambie iko kwenye chaji. Nikarudi nikamwambia Baba iko kwenye chaji. Akasema ilete na chaji yake. Nikasema Mama amekataa. Na hapo nikashindwa kabisa kujizuia, nikacheka mpaka nikajishika tumbo.

Baba akazima injini. Akanitazama. Akatazama nyumba, kule ng'ambo ya kijiua, mapazia yote yamefungwa mchana kweupe. Akanitazama tena, na nikaona kitu kinapita usoni mwake, sikujua ni nini. Akachukua kitambaa akafuta mikono, kidole kimoja kimoja, mpaka kwenye kucha. Akavua ovaroli akabaki na shati. Akainama kwenye kioo cha pembeni cha gari, akajichana nywele kwa vidole. Akauchomoa ufunguo wa gari akaushika. Akasema anaingia ndani.

Nikaona shughuli inaharibika. Mama Tesha alisema mpaka tuitwe, na hatujaitwa, lakini Baba ameshasimama. Basi nikafanya nililoliona likifanywa. Nikamshika mkono, nikamwambia afumbe macho. Papa Mbuyi akasema, "Petite, non. Hapana, mtoto. Ngoja." Akashindwa kusema kwa nini. Baba akafumba. Alikuwa anatabasamu amefumba macho, mrefu vile, ananifuata mimi ninayemfikia kiunoni. Tukavuka majani, nikamwambia angalia ngazi, akanyanyua mguu. Tukaingia jikoni. Mama Tesha alikuwa amegeukia jiko na alipogeuka tulikuwa tumeshapita. Nilimfikisha katikati ya sebule, nikamwambia afumbue, na nikapiga ile kelele wanayopiga watu kwenye bethidei. Nilipiga peke yangu.

Kwanza niliona sura za watu. Wanawake wamekaa chini kwenye mikeka, khanga vichwani, miguu wameinyoosha, na Mama yuko ukutani katikati yao. Hakuna aliyenyanyuka. Ndipo nikamtazama Baba. Alikuwa anatazama chumba, siyo watu: mahali palipokuwa na kochi, mahali palipokuwa na meza, mikeka. Mtu wa kwetu haelezwi chumba kama hicho. Lile tabasamu lilikuwa bado halijamtoka mdomoni, limesahaulika pale.

"Ni Mama?" akauliza.

Alimaanisha Bibi, yule wa kitandani, ambaye wote tulishajiandaa kwa ajili yake. Aliuliza kwa upole, karibu kama anaomba. Mama yangu akatikisa kichwa kukataa. Mchungaji hakuwepo, na hakuna mwingine aliyepangwa kusema. Baba hakuuliza swali la pili. Alikaa chini pale pale aliposimama, kwanza magoti, kisha mikono, na sauti iliyomtoka sikuijua kuwa ni ya Baba. Mimi nilikuwa bado nimemshika shati. Mama Tesha alikuja kunitoa, nikang'ang'ania, nikiuliza kwa Kiingereza Baba Mkubwa yuko wapi, mbona hatoki chumbani.

Mazishi tuliyaona kwenye simu iliyounganishwa na televisheni. Picha ilikuwa inaganda. Jeneza linashuka, linaganda, linashuka. Baba alikuwa amevaa suti, amekaa kwenye mkeka mbele ya kioo, na Mwanza walipoanza kumwaga udongo alinyoosha mkono naye, mbele ya televisheni, akaukunjua. Hakuwa na udongo wowote. Papa Mbuyi alitoka nje na hakurudi mpaka ibada ilipokwisha. Mimi nilikuwa nimeutazama uso ndani ya jeneza walipolifungua kabla halijashushwa, uso wa Baba kabisa, na Baba huyu hapa, na nilichanganyikiwa kiasi kwamba usiku ule sikukubali alale peke yake.

Gari hakuliwasha tena. Alilifunika, na gereji ikarudi kuwa ya mchele na masufuria. Kuna siku nilimkuta amesimama pembeni yake, mkono wake juu ya lile turubai, haupapasi, umetua tu. Baadaye alikuja mtu wa Virginia na gari la kuvuta akalichukua, na wakati linatolewa Baba alikuwa jikoni anamenya viazi. Alimenya vingi mno, tukala viazi siku mbili. Hatukuzungumza kuhusu siku ile. Kwetu hapakuwa na desturi ya kuzungumza, na mimi nikakua nayo kifuani, nikaolewa nayo.

Karatasi za Baba zilikuja kukamilika wakati mimi nina kazi na watoto, na Bibi naye ameshazikwa. Alikwenda Mwanza. Alikaa huko, akajengea kaburi la Kulwa, akarudi amekonda na jua limemchoma. Mimi ndiye niliyempokea uwanja wa ndege wa Dulles. Alikuwa ameleta michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa vya kwetu, kwenye mfuko wa rambo, akaishika mapajani njia nzima. Tulikuwa kwenye foleni ya barabara inayozunguka jiji, magari hayaendi, na yeye anatazama mbele.

"Kabula," akasema, "siku ile uliponiambia nifumbe macho. Ulikuwa unanipeleka kuona nini?"

 Nikamjibu kwa Kiswahili, maana siku hizi namjibu kwa Kiswahili.

"Nilidhani Baba Mkubwa amefika."

Magari yakasogea kidogo, nikasogea. Akauweka vizuri ule mfuko mapajani.

"Hata mimi," akasema. "Mliponinyima simu na wewe unacheka vile, nikajua tu amefika. Toka gereji mpaka sebuleni, mwanangu, nilikuwa namwona. Amekaa kwenye kochi, amevaa koti, ananingoja."

Akageukia dirisha. Nikawasha taa ya pembeni, nikatoka barabarani nikasimamisha gari, kwa sababu sikuwa naona mbele.